Uyoga wa miombo: kwa nini picha ya simu haitoshi kuamua kama unaliwa

Mwalimu wa Kampemba

Ndugu zangu, nawasalimu. Mvua zimekwisha kukolea, na hapa Lubumbashi, kandokando ya barabara ya Kasenga na ile ya Likasi, mabeseni ya bowa, yaani uyoga, yameanza kupangwa. Msimu huu huja na jambo linalonitia hofu kila mwaka. Katika makundi yetu ya simu huzunguka picha za uyoga mmoja ulioshikwa kiganjani au kuwekwa juu ya meza, na chini yake swali: "Huu unaliwa?" Baada ya dakika chache majibu huwa yamejaa, wengine wakikubali, wengine wakikataa, na mwenye swali huchagua jibu linalompendeza kwa sababu sufuria iko tayari motoni.

Nafungua uzi huu kusema kwamba swali hilo halijibiki kwa picha. Picha nyingi huonyesha kofia ya uyoga kutoka juu, na upande wa juu ndio unaodanganya kuliko pande zote. Rangi ya kofia hufifishwa na mvua, hukolezwa na jua na hubadilika kwa umri. Vitu vinavyotambulisha uyoga viko kwingine: matamvua, yaani vipande vyembamba kama karatasi vilivyo chini ya kofia, pete inayozunguka shina kama ipo, umbo la mguu wake ndani ya udongo, rangi ya spora zake, yaani vumbi laini ambalo uyoga huzaliana kwalo, na mti au kichuguu ulichoota karibu nacho. Uyoga uliokatwa kwa kisu usawa wa ardhi, ukaletwa mjini ndani ya mfuko, umekwisha kupoteza nusu ya ushahidi huo.

Jamii inayotuhusu zaidi ni Amanita, kwa kuwa ndani yake mna chakula kinachopendwa sana Katanga na pia mna uyoga unaoua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani. Tente yetu, ambayo wataalamu huiita Amanita loosii, ni ya jamii hiyo. Ina kofia ya njano au ya rangi ya chungwa yenye mistari midogo ukingoni, matamvua ya njano, pete shinani, na chini kabisa kifuko cheupe kilichopasuka kama ganda la yai. Amanita phalloides, muuaji maarufu ambaye asili yake ni Ulaya na ambaye amefika Afrika Kusini pamoja na miti ya kigeni, naye ana pete na kifuko vilevile, ila matamvua yake ni meupe na kofia yake ina ukijani hafifu. Kwa hiyo anayesema "wenye kifuko wote ni sumu" atatupa tente, na anayesema "wenye kifuko tumeula tangu utotoni" anaweza kuila sumu.

Naomba wenye ujuzi wachangie, hasa akina mama wanaochuma na kuuza.

Kijana wa Katuba

Asante, Mwalimu. Nina maswali mawili. Nyumbani tumezoea kupika uyoga pamoja na kitunguu au punje za mchele, na visipobadilika rangi tunakula. Wengine hutumia kijiko cha fedha, na bibi yangu hutazama kama wadudu wameutoboa, kwa kuwa kisichomdhuru mdudu hakimdhuru mtu. Je, njia hizi zina ukweli wowote?

La pili ni kwamba nyuma ya shule ya mtaa wetu, katika nyasi, kumeota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Jirani amesema ni ule wa kichuguu. Nimeuchukua lakini bado sijaupika.

Mwalimu wa Kampemba

Usiupike, tafadhali. Nitaanza na swali la kwanza kwa sababu ndilo linalobeba maisha ya watu wengi zaidi.

Hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyo ya kweli. Kijiko cha fedha huwa cheusi kikikutana na salfa, na sumu za uyoga hazihusiani na jambo hilo. Kitunguu, kitunguu saumu na mchele havina chochote ndani yao cha kugundua sumu. Vikibadilika rangi ni kwa sababu nyingine za jikoni. Konokono na funza hula Amanita yenye kuua bila kudhurika, kwa kuwa miili yao haifanani na yetu. Ladha nayo haisaidii: waliokula Amanita phalloides wakapona husimulia kwamba ulikuwa mtamu. Kuna wanaosema kwamba uotao juu ya gogo ni salama, lakini uyoga mdogo wa jamii ya Galerina, unaoota kwenye miti iliyooza katika nchi za baridi, una sumu ileile ya Amanita.

Kuchemsha kunahitaji maelezo kidogo, maana hapo ndipo ukweli na uongo vimechanganyika. Ni kweli kwamba uyoga fulani wenye maziwa makali huchemshwa, maji yakamwagwa, ukawa chakula. Lakini amatoksini, yaani sumu ya Amanita wauaji, haiharibiwi na moto, wala kukaushwa juani, wala kuwekwa kwenye friji. Mama aliyefanikiwa kulainisha uyoga mkali kwa maji ya moto asidhani kwamba amepata dawa ya kila uyoga.

Kuhusu uyoga wako: ule wa kichuguu, Termitomyces, haukai juu ya nyasi tu bila msingi. Aina zake kubwa zina mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye bustani ambayo mchwa wenyewe hulima ndani ya kichuguu, na katikati ya kofia mna nundu ngumu iliyochongoka, ambayo ndiyo inayotoboa udongo. Mmoja wao, Termitomyces titanicus, ulioelezwa na wataalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, unaweza kuwa na kofia yenye upana wa karibu mita 1. Wako una mzizi? Una nundu? Pete yake inasogea ukiivuta juu na chini?

Leo usiku fanya hivi. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi huku matamvua yakitazama chini, nusu yake ikiwa juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya nyeusi. Funika kwa bakuli ili upepo usiingie, uache hadi asubuhi. Spora zitaanguka na kuchora alama. Amanita huacha alama nyeupe, Termitomyces huacha yenye wekundu hafifu. Ukiona kijani, ni Chlorophyllum molybdites, uyoga wa nyasi za nchi za joto ambao huwatapisha na kuwaharisha watu vibaya saa 1 hadi 3 baada ya kula. Kwa kawaida hauui mtu mzima mwenye afya, lakini mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini upesi sana. Karatasi hiyo na bakuli usivitumie kwa chakula kabla ya kuosha.

Mama Bowa

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuzaji wa bowa katika soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, na nilijifunza kwa mama yangu kijijini, upande wa Kasenga. Hakunifundisha alama za sumu. Alinifundisha kila bowa kwa jina lake, mti wake na mwezi wake, na usilolijua jina lilibaki chini hata kama lilikuwa zuri kuliko yote. Tente tuliitafuta chini ya miti ya muputu na mutondo. Chitondo tuliijua kwa sababu chini ya kofia haina matamvua yanayokatika kama karatasi. Ina mikunjo iliyoshikamana na nyama, inayoteremka hadi shinani. Kabansa ukiikata hutoa maziwa.

Nataka wanunuzi waelewe jambo moja. Sisi tunapochuma tente, kidole huingia ardhini kabla hatujaisifu kofia. Kinapita kando ya shina, kinakwenda chini ya kifuko, kinainua kila kitu pamoja na udongo wake. Kisha tunapuliza na kutazama kama kifuko ni cheupe na kama shina lina manjano. Siku hizi vijana wanaotoka kuchoma mkaa huchuma kwa kisu njiani wakirudi, wakakata juu kwa juu ili beseni liwe safi. Mnunuzi hufurahia usafi huo, lakini kilichotupwa ndicho kitambulisho. Mimi huacha mguu na kifuko hata kama wateja wananung'unika kuhusu mchanga, na nawaomba mnunue kwa wanaofanya hivyo.

Vilevile, kuna wanaopenda tente changa ambayo bado imefungwa ndani ya kifuko chake, kwa sababu haivunjiki njiani. Pasueni moja mbele ya muuzaji, kutoka juu hadi chini. Ndani mtaona kofia changa yenye rangi ya chungwa. Mkiona weupe mtupu wenye umbo la kofia na shina ndani yake, msinunue. Ndelema ikiwa changa pia ni nyeupe, na ni chakula kizuri, lakini mimi siiuzi kabla haijafunguka, kwa sababu siwezi kuapa mbele ya mama mwenye watoto.

Kijana wa Katuba

Mama, asante sana. Lakini niruhusuni niulize: ikiwa wazee wetu wamekula uyoga wa miombo vizazi vyote hivi, si ina maana kwamba misitu yetu haina ule unaoua?

Mwalimu wa Kampemba

Swali hili nalitambua, kwa kuwa ndilo kinga ambayo watu wengi hujifunika nayo. Wazee hawakula uyoga wa miombo wote. Katika mamia ya aina zinazoota, walikula orodha waliyoijua na kuyaacha mengine, kama Mama Bowa alivyoeleza. Usalama wao ulitoka katika kuacha.

Tena, elimu bado inaendelea kukusanywa. Mwaka 2019 wataalamu walieleza spishi mbili mpya za Amanita kutoka Afrika, zote za tawi lilelile la Amanita phalloides. Moja, Amanita harkoneniana, ilipatikana Tanzania na Madagaska. Ina jeni ya sumu na inashukiwa kuwa ya kuua. Tanzania ina misitu ya miombo kama sisi, na mpaka wa nchi haumzuii uyoga. Ya pili, Amanita bweyeyensis, ilipatikana chini ya mikaratusi huko Rwanda, Burundi na Tanzania. Wenyeji huila, na vipimo havikuikuta na amatoksini, ingawa jeni ya sumu nyingine ya jamii hiyo imo ndani yake. Nimezitaja hizo mbili pamoja kwa makusudi: ndugu wa damu, mmoja chakula cha watu, mwingine wa kuogopwa. Nani atawatenganisha kwa picha ya simu?

Mgeni kutoka Bukavu

Naomba niongeze kwa kuwa hilo la mikaratusi limenigusa. Mimi nimekulia Bukavu, ambako mashamba ya mikaratusi yako kila kilima, na nimehamia Lubumbashi kwa ajili ya kazi. Huko nyumbani nilikuwa na uhakika wa macho yangu. Hapa nimekuta udongo mwingine, miti mingine na misimu mingine, na nimeona kwamba ujuzi wa kwetu hauhami pamoja na mwenyewe. Uyoga unaofanana na wa nyumbani si lazima uwe wa nyumbani.

Jambo hili limewapata wengi. Mwanzoni mwa mwaka 2012, huko Canberra nchini Australia, watu 2 walikufa baada ya kula Amanita phalloides. Uyoga huo, hasa ukiwa mchanga, huchanganywa na ule wa mabua ya mpunga unaoliwa sana Asia, na wahamiaji kutoka huko ni miongoni mwa wanaodhurika mara nyingi. Wahamiaji hao si watu wasiojua uyoga. Wanaujua vizuri, ila wanaujua wa mahali pengine. Familia nyingi za Kivu na Kasai zilizo mjini hapa ziko katika hali hiyohiyo, na kwa maoni yangu tungeanza upya kujifunza kama watoto, tukiwafuata akina mama wa hapa.

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma mchango wa kila mmoja na nataka niseme kuhusu saa, kwa sababu kuielewa saa kunaweza kuokoa mtu hata baada ya kosa kutendeka.

Uyoga unaosumbua tumbo tu huanza mapema, mara nyingi ndani ya saa 1 hadi 3. Ule wenye amatoksini hukaa kimya. Mtu hula bukari, yaani ugali, na bowa jioni, analala vizuri, na kutapika na kuharisha huanza saa 6 hadi 24 baadaye, mara nyingi karibu na mapambazuko. Kwa kuwa tuko katika msimu wa mvua, familia hudhani ni kipindupindu au malaria, na uyoga hautajwi kwa sababu chakula cha jana kimekwisha kusahauliwa. Kisha huja hatua ambayo ni mbaya kuliko zote kwa udanganyifu wake: baada ya siku moja au mbili kutapika hukoma, mgonjwa anaketi, anaomba uji, na ndugu wanamshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Wakati huohuo ini linakufa. Sumu hiyo huzuia kimeng'enya kinachonakili maagizo ya jeni, seli za ini hushindwa kutengeneza protini, na kati ya siku ya pili na ya tano macho huwa ya manjano, damu hushindwa kuganda, na figo nazo huanza kuharibika.

Kwa hiyo, yeyote anayetapika au kuharisha baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitali, hasa ikiwa dalili zimechelewa, na asirudishwe nyumbani kwa kuwa tu amepata nafuu. Wote waliokula sufuria moja wapelekwe pamoja, hata wasiohisi chochote. Dalili za mapema nazo zisiwatulize, kwa sababu sufuria moja inaweza kuwa na uyoga wa aina mbili. Leteni mabaki ya chakula, maganda yaliyotupwa jalalani, hata matapishi, yakiwa ndani ya karatasi, na mtuambie saa ambayo mlikula. Msimnyweshe mgonjwa mafuta ya mawese, maziwa wala mkaa wa jikoni uliosagwa. Mkaa wa dawa tunao utaratibu wake, na kazi kubwa ya mwanzo ni kurudisha maji mwilini. Dawa moja ya uhakika inayofuta sumu hii haipo. Zipo zinazosaidia ini, nazo husaidia zaidi kadiri mgonjwa anavyofika mapema.

Ombi langu kwa kila nyumba ni kuacha uyoga mmoja mzima, usiopikwa, kila mnapokula uyoga wa porini, na kuutunza mahali pakavu hadi siku mbili zipite. Ni jambo dogo, lakini hutuondolea kubahatisha.

Fundi wa Maabara

Wote mmezungumzia sumu ambayo uyoga huzaliwa nayo. Katika mji wetu ipo nyingine ambayo uyoga huichukua kutoka ardhini. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911, na vumbi la moshi lilibebwa na upepo, ambao kwa sehemu kubwa huvuma kutoka kusini-mashariki, likatua upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda. Udongo wa huko una shaba, risasi, kadimi na kobalti. Uyoga huvuta metali kwa nguvu kuliko mboga nyingi, na kadimi hujikusanya katika figo za mtu kwa miaka mingi bila dalili ya haraka.

Hapa hata Mama Bowa hawezi kutusaidia kwa macho yake, kwa sababu tente iliyoota kwenye udongo mchafu ni tente halisi, yenye kifuko halisi na ladha halisi. Kuosha na kuchemsha hakutoshi kuondoa metali. La kufanya ni kuuliza bowa limetoka wapi, na kutochuma karibu na viwanda, kilima cheusi cha mabaki ya shaba, migodi, na kandokando ya barabara kubwa.

Mama Bowa

Fundi, hilo ni kweli, na mimi huwaambia wateja wangu mahali nilipolitoa. Wengi hawaulizi. Naongeza pia kwamba bowa likikaa siku nzima ndani ya mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuoza, na linaumiza tumbo hata kama ni tente safi. Bebeni kwa kikapu na mpike siku hiyohiyo, au mkaushe.

Kijana wa Katuba

Narudi na majibu. Nilifanya kama Mwalimu alivyoniagiza. Uyoga hauna mzizi, mguu wake ni mnene kidogo chini na unaishia hapohapo. Katikati ya kofia hakuna nundu iliyochongoka, kuna bamba laini la kahawia. Pete inasogea. Asubuhi niliinua bakuli, na kwenye karatasi nyeupe nikakuta mistari ya kijani kama majivu, imejipanga kama matamvua yalivyokuwa. Kwenye karatasi nyeusi haikuonekana vizuri, lakini kwenye nyeupe hakuna shaka. Jirani ameiona na amekubali.

Mwalimu wa Kampemba

Umefanya vizuri sana, ndugu yangu. Ni Chlorophyllum molybdites. Uzike, osha mikono na bakuli kwa sabuni, kisha uende kwa walimu wa shule hiyo leo, kabla ya mvua nyingine. Uyoga huo huota tena mahali palepale, mara nyingi kwa mduara, na mwili wake uko chini ya nyasi hata kama juu hapaonekani kitu. Karatasi yenye alama ya kijani usiitupe. Wapelekee watoto waione wenyewe, na wapelekee pia mama anayekaanga maandazi langoni, kwa sababu watoto wakiuchuma uyoga ule ni yeye watakayempa awapikie.